Alama Kumi za Mama Mkwe

Jirani yangu Paschal alikuwa amekwenda kwenye intavyuu nne Dodoma na hakupata kazi hata moja, kwa hiyo yeye ndiye aliyeteuliwa kunifundisha. Usicheke. Itigi ya mwaka tisini na tano ungempata wapi mwingine? Sisi tuliofanya kazi kwenye ghala la asali tuliingia kwa kuitwa tu. Mtu alikuja nyumbani akamwambia baba, "Jumatatu mlete huyo kijana," na Jumatatu nikaenda. Nilipima asali pale miaka saba na hakuna aliyewahi kuniuliza kama najiamini.

Kisha soko huria likaingia, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na ghala letu likafungwa. Kwa miaka miwili nikawa nauza karanga na asali ya chupa kwenye madirisha ya treni. Mtu mzima mwenye mke na mtoto, nakimbizana na mabehewa. Abiria alikuwa akionja asali yangu, anaifunga chupa, ananirudishia huku treni inaondoka, na mimi nakimbia nimenyoosha mikono. Nilikuwa nimechoka, sitakuficha.

Ndipo nikamwambia mke wangu Leah kwamba nikikosa kazi ya maana hadi mavuno, nakwenda machimboni Kahama kuchimba dhahabu. Kaka yake, Obadia, alikwenda huko huko, akashuka shimoni asubuhi moja na shimo likamfunika. Hawakupata hata mwili wa kuzika. Nilijua hayo yote na bado nikasema, kwa sababu sikuwa na lingine la kusema. Leah akaondoka kwenda kuchota maji, akakaa kisimani mpaka jua likashuka.

Wiki moja baadaye tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa stesheni. Kampuni mpya ya asali kutoka Dar es Salaam inahitaji mpimaji wa ubora, mtu mmoja tu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, waliandika kwamba kazi haitatolewa kwa kujuana, na kwamba mwombaji yeyote atakayebainika kuwa na ndugu kwenye kamati ya usaili ataondolewa. Niliuliza kamati ni akina nani. Meneja, Bwana Gasto, mtu wa Dar. Bwana Nyuki wa wilaya, yaani ofisa wa ufugaji nyuki, Bwana Philipo, aliyehamia kwetu mwezi uliopita. Na Mzee Alute, mwakilishi wa warina asali. Sina undugu na hata mmoja wao. Nikaandika barua ya maombi siku hiyo hiyo.

Mafunzo ya Paschal yalifanyika kwangu, kila jioni, wiki tatu. Leah alikaa nyuma ya meza akiwa meneja, na mwiko mkononi. Mimi natoka nje, nabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, naingia.

"Rudi," Paschal anasema. "Umeingia kama mtu anayekuja kuomba chumvi."

Narudi, naingia tena.

"Karibu, Bwana Laurian," Leah anasema kwa sauti ya kizungu. "Udhaifu wako ni nini?"

"Mtu mzima unamuuliza mwenzio udhaifu wake?"

"Jibu, Baba Hana."

"Sema unafanya kazi kupita kiasi," Paschal ananinong'oneza.

"Huo ni uongo."

"Ndiyo maana ya intavyuu," anasema, na yeye alishakosa nne.

Lakini alilolishikia bango zaidi lilikuwa macho. Mtazame kila mtu machoni. Wape wote mkono, na uukaze. Usipomtazama mtu, atajua unaficha kitu, na hapo umekwisha. Basi nikajizoeza. Niliwatazama machoni wauza nyanya, niliwatazama machoni mafundi baiskeli, nikamtazama machoni padri mpaka akaniuliza kama nina jambo la kuungama. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa naingia nyumbani kwangu kama mwenye nyumba, na Leah alikuwa ameanza kucheka tena. Nilinunua koti la mtumba lililoshonewa jina la Mzungu fulani ndani ya kola, na lilinikaa vizuri. Nikajisemea, hii kazi nimeipata.

Siku yenyewe nilikuwa wa nne, na wa mwisho. Tulisubiri nje ya ghala lile lile la zamani, sasa limepakwa rangi. Jina langu likaitwa. Nikabisha, nikaingia, kichwa juu. Bwana Gasto akasimama, mtu mnene mwenye miwani. Nikamtazama machoni, nikamkazia mkono. Bwana Philipo naye hivyo hivyo. Nikageukia kiti cha tatu, mkono umeshanyooka, tayari kumsalimu Mzee Alute.

Kwenye kiti cha tatu alikuwa amekaa mama yake Leah.

Hapa lazima nieleze, maana wengine mmezaliwa mjini. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja. Nilikuwa na miaka minne katika ndoa, na tukikutana njiani na Mama Rahabu, mmoja wetu anaiacha njia, anasimama porini mpaka mwenzake apite. Akitoka kwake Kilimatinde kuja kumwona mjukuu, yeye hukaa uani na mimi hukaa ndani, na akiwa na neno langu humwambia mtoto, "Mwambie baba yako." Kula mbele yake ndiyo haifikiriki kabisa. Hiyo ndiyo heshima, nami sikuwahi kuionea taabu. Ubaya wake ni mmoja tu. Katika miaka minne sikuwahi kujua kama yule mama ananipenda au ananivumilia.

Na sasa yuko mbele yangu, hatua mbili, na mkono wangu umenyooka kuelekea kwake.

Alinyanyua uso, akaniona, nami nikamwona. Akavuta kanga yake ikafunika kichwa na nusu ya uso, akageukia ukutani. Mimi nikauingiza mkono kwenye mfuko wa koti.

"Huyu ni Mama Rahabu," Bwana Gasto akasema. "Mzee Alute ameugua, tumemwomba mama aje badala yake. Amefika na lori la asubuhi. Msalimie."

"Shikamoo, mama," nikaiambia sakafu.

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka ukutani.

Nikaonyeshwa kiti. Kilikuwa kimewekwa sawasawa mbele yake. Nikakiinua, nikakigeuza, nikakaa ubavu, nikitazama dirishani.

"Mbona unageuka?" Bwana Gasto akauliza.

"Mwanga, mzee."

Akaandika kitu. Jasho likaanza kunitoka ndani ya koti la yule Mzungu. Fikiria hali yangu. Nikieleza kwa nini nimekaa hivi, nimekiri kwamba nina ndugu kwenye kamati, na tangazo liko wazi, naondolewa. Nikinyamaza, naonekana mwoga asiyejua hata kusalimia mama wa watu. Bwana Philipo, aliyekuwa mgeni katika wilaya, alinitazama kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. Wiki tatu za macho zilikuwa zimekwenda na maji.

Maswali yakaanza, nami nikalijibu dirisha. Nililiambia dirisha kuhusu miaka saba ya ghalani. Nililiambia jinsi ya kupokea asali ya watu ishirini bila kuichanganya. Majibu yenyewe hayakuwa mabaya, najua, lakini nilikuwa naona kwa pembe ya jicho kalamu ya Bwana Gasto ikisita. Na nikaona jingine. Mama Rahabu, ambaye hakuwa ameuliza lolote, aliandika mara moja tu kwenye karatasi yake, akaikunja, akaweka kalamu chini. Nilikuwa bado sijamaliza swali la pili.

"Nikuulize, ndugu," Bwana Gasto akasema. "Huyu mama ndiye mwakilishi wa watu utakaokuwa unapima asali yao. Kama huwezi hata kumtazama, utamwambiaje kwamba asali yake haifai?"

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake nilikuwa nalo, lakini lilikuwa limekatazwa na lile tangazo. Nikasema, "Nitamwambia tu, mzee." Bwana Gasto akavua miwani akaifuta.

Bwana Philipo akaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Akasema wanijaribu kwa kazi yenyewe, akaleta chupa tano za asali, zote zimeandikwa namba, na sahani na vijiko. Kila mwombaji anaonja na kusema kila chupa ina nini. Kamati nayo ikaonja kidogo. Nikasikia kijiko cha Mama Rahabu kikigonga sahani.

Kijiko changu nikakitazama. Kukaa naye chumba kimoja ilikuwa bahati mbaya, wala sikuifanya mimi. Lakini kutia kitu kinywani mbele yake, huku nimekusudia, lilikuwa jambo jingine. Ningerudije nyumbani kwa Leah? Nikakiweka kijiko pembeni.

Chupa ya kwanza nikaifungua na kuinusa. "Moshi. Mrinaji alitumia moto mkubwa, labda mwenge wa majani mabichi. Inafaa kwa pombe, haifai kusafirisha."

Ya pili nikaipindua juu chini. Kiputo cha hewa kikapanda mbio. Nikaangusha tone kwenye karatasi ya barua yangu ya maombi, karatasi ikalowa mpaka nyuma. "Ina maji. Imerinwa kabla masega hayajafunikwa. Itachachuka." Ya tatu niliisugua kati ya vidole nikasikia chengachenga, nikaitazama chini ya chupa kwenye mwanga, nikaona utando. "Imeongezwa sukari iliyochemshwa." Ya nne ilikuwa nyeupe, imeganda laini kama samli, na ilinukia vichaka vyetu vya Itigi vikichanua. "Hii msiiguse. Hii ndiyo mliyoifuata huku."

Bwana Philipo akamtazama Bwana Gasto. Wote watatu waliotangulia, niliambiwa baadaye, walilamba chupa zote na kukosea mbili au tatu.

Nikashika ya tano. Nikanusa, nikapindua, nikadondosha, nikasugua. Ilikuwa asali safi kwa kila kipimo nilichokijua, na bado nilikuwa na wasiwasi nayo, maana Bwana Nyuki hawezi kuleta chupa mbili nzuri kwenye mtihani. Kulikuwa na jambo humo ambalo ni ulimi tu ungelijua.

"Onja," Bwana Gasto akasema.

Nikakisogeza kijiko mbali zaidi.

"Onja, ndugu. Kampuni haiwezi kuajiri mpima asali asiyeonja asali."

Basi, nikajiambia, yamekwisha. Na la ajabu, nilipojiambia hivyo woga uliniondoka. Niligeuka nikamtazama Bwana Gasto machoni, kwa mara ya kwanza tangu nikae, bila kukumbuka mafunzo ya mtu.

"Siwezi kula mbele ya mama huyu," nikasema. "Ni mama yake mke wangu. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, wala hamtazami. Tangazo nimelisoma. Sikujua kama atakuwepo, na yeye naamini hakujua kama nitaingia. Chupa zenu nne nimezijua kwa mikono na pua. Ya tano siijui, na mbele yake sitaijua."

Nje watu walikuwa wanapakia mapipa. Bwana Gasto akafunga faili langu. Niliiona Kahama. Nilimwona Leah kisimani.

"Mama," Bwana Gasto akasema, "ni kweli?"

"Ni kweli," ukuta ukajibu. "Niliambiwa nije kukaa kwenye kikao. Majina sikupewa."

"Na alama umeshampa?"

"Nimeshampa."

"Naomba hiyo karatasi."

Aliisukuma juu ya meza bila kugeuka. Bwana Gasto akaikunjua, akaisoma, akaisoma tena. Akampa Bwana Philipo, naye akaanza kucheka, mtu mzima mpaka akakohoa.

"Kamati ina alama mia," Bwana Gasto akaniambia. "Zangu hamsini, za Bwana Nyuki arobaini, za mwakilishi kumi. Waliokutangulia mama amewapa sita, saba, na tano. Wewe amekupa sifuri." Akavaa miwani yake. "Nimesaili watu miaka mingi. Nimeona wajomba, nimeona mashemeji, nimeona mpaka bosi aliyemleta hawara. Sijawahi kuona ndugu akimpa ndugu yake sifuri. Tangazo letu linakataza upendeleo. Bwana Philipo, wewe unauona upendeleo hapa?"

"Nikiutafuta kwa tochi siuoni," Bwana Philipo akasema.

Wakamwomba mama atoke kidogo. Akapita nyuma yangu, nami nikainamisha kichwa mpaka mlango ukafungwa. Kisha nikachukua kijiko na kuilamba ile ya tano. Mwanzoni utamu tu. Nikasubiri. Halafu kooni kukaanza kuwaka polepole, moto wa pilipili unaokuja umechelewa.

"Maua ya mnyaa, ule mti wa utomvu mkali," nikasema. "Ni asali halali, haijaharibiwa na mtu, lakini inawasha koo. Mkiimwaga kwenye pipa pamoja na ya nne, pipa zima litarudishwa."

Bwana Gasto akajishika koo. "Tangu asubuhi nadhani naanza mafua," akasema, na akalifungua tena lile faili.

Hawakunificha hadi kesho. Jumla yangu ilikuwa themanini na tatu kati ya mia, bila hata moja ya mwakilishi, na aliyenifuata alikuwa mbali. Naanza Jumatatu. Nilitoka pale, nikakaa kwenye pipa tupu nikavua koti na kupumua. Ile pumzi niliyokuwa nimeibana tangu ghala lilipofungwa, miaka miwili, ndiyo niliyoitoa pale. Paschal alinikuta nacheka peke yangu akadhani nimekosa. Nilipomwambia akanikumbatia, akasema ni yale macho. Sikumbishia.

Leah alilia, halafu akapika wali siku ya kazi. Lakini nilipomsimulia habari ya sifuri, mwiko ukasimama hewani.

"Sifuri? Mama?"

"Sifuri. Na aliiandika mapema, sijamaliza swali la pili."

Kazi nilikuwa nimeipata, Kahama nilikuwa nimeizika, na bado ile sifuri ilinikaa kama mwiba wa samaki. Miaka minne nilikuwa najiuliza yule mama ananionaje, na sasa nilikuwa nimejibiwa kwa maandishi, mbele ya watu.

Asubuhi Mama Rahabu akaja kumwona mjukuu kabla ya lori la Manyoni. Alikuwa amelala kwa mchungaji, maana hawezi kulala kwa mkwe. Mimi nilikuwa ndani na chai yangu. Nikasikia kigoda kikivutwa uani, karibu na dirisha kuliko kawaida yake, na Leah akiuliza kwa Kigogo bila hata kumaliza salamu.

"Mama, umempa mume wangu sifuri?"

"Nimempa."

"Obadia hukumkumbuka? Baba Hana angekwenda kule kule."

Alipojibu, mama aliacha Kigogo, akasema Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka chumbani.

"Obadia namkumbuka kila siku. Sikiliza. Kijana alipoingia nikajua lazima litajulikana, maana nani atakaa vile bila kuulizwa? Ningempa kumi, wangesema ndiyo hivyo, wanajuana, na wangemtoa. Ningempa tano, wangesema nimejificha. Sifuri haina wa kuinyooshea kidole. Alama zangu zilikuwa kumi tu, na zile tisini angezichukua mwenyewe."

"Na asingezichukua je?"

"Mimi nimeuza asali kwenye ghala lile miaka saba anapima yeye, kabla hajakuoa na baada. Ya kwangu aliikataa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki." Kigoda kikalia, alikuwa anainuka. "Mkwe ninayemtilia shaka ndiye ambaye ningempa kumi."

Nikabaki pale ndani na kikombe mkononi, chai ikipoa. Nilikaa hivyo mpaka niliposikia lori limeondoka.